Isale Lililokatwa Upande Wetu

Suruali ya kwanza niliiona asubuhi ya Jumatatu nikisafisha banda la ng'ombe. Ilikuwa ya kaki, imefuliwa ikakamuliwa vizuri, imeanikwa kwenye kamba ya jirani yangu katikati ya kanga zake. Kwa muda mrefu kamba ile haikuwa na nguo ya mwanamume, kama yangu tu. Nilisimama na koleo mkononi, nikaikodolea macho mpaka ng'ombe akanikanyaga mguu.

Kwamba mumewe ametoka gerezani nilikuwa najua. Jumamosi walimpokea kwa mbege, pombe yetu ya ndizi, na mbuzi, diwani akaja na spika zake, akahutubia kana kwamba yeye ndiye aliyefungua lango kwa mkono wake. Mimi nilijifungia ndani nikisingizia kichwa. Lakini kelele za sherehe unaweza kuziba masikio zikapita. Suruali kwenye kamba inakuambia mtu yumo, amelala humo, ameamka, amevua nguo chafu na mkewe amezifua huku akilalamika kwamba zina matope. Nilitamani hayo malalamiko. Nilitamani matope.

Nisizunguke: nilimwonea wivu. Ni wivu ule unaokaa kooni chai isishuke, ukimsikia mtu anacheka ng'ambo unadhani anakucheka wewe.

Mimi na yeye tuliolewa mwaka mmoja, kwenye vihamba vinavyopakana, juu kidogo ya mji wa Mkuu. Kihamba kwetu ni shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, na wazee wa ukoo wamelala humohumo. Kati yetu na jirani hakuna ukuta wala seng'enge. Kuna mstari wa masale tu, yale majani marefu ya kijani ambayo Mchagga hupanda mpakani na makaburini, ambayo hata ukiyakata yanachipua. Mstari ule aliupanda mama mkwe wangu akiwa bado ana nguvu, na kaburi lake liko hatua chache kutoka hapo.

Isale lina kazi nyingine huku kwetu. Ukimkosea mtu, mnamtafuta mzee ampelekee isale, na aliyepelekewa hakatai. Akishalishika mkononi amesamehe, na jambo hilo halizungumzwi tena. Watoto wetu wanalijua hilo kabla hawajajua kusali Baba Yetu. Ndiyo maana humu sitaji jina la mtu.

Mume wangu alikuwa mtunza ghala wa chama cha wakulima wa kahawa pale kijijini. Mume wa jirani alikuwa mlinzi wa ghala hilohilo. Mama mkwe alipofariki, mume wangu alimwachia mlinzi funguo ili yeye apate kumchimbia mama yake kaburi na kupokea waombolezaji. Tulipomaliza matanga, ghala lilikuwa na nafasi kubwa mahali palipokuwa na magunia ya watu. Mahakamani mlinzi alisema aliyetoa amri ya kuyahamisha ni mtunza ghala. Mume wangu akasema hakutoa amri yoyote, alikuwa kaburini. Hakimu akasema funguo zilikuwa dhamana yake. Wakafungwa wote wawili, kifungo sawasawa.

Mtu angedhani mimi na mke wa mlinzi tungekuwa paka na panya tangu siku ile. Haikuwa hivyo. Njia ya kutoka Mkuu hadi Moshi ni ndefu ukiwa peke yako, na hapa kijijini hakuna mwingine aliyejua namna ya kusimama nyuma ya wavu umwulize mumeo habari za afya huku askari anatazama saa. Ghalani sikuwepo, na yeye hakuwepo, basi habari za ghala tuliziacha. Jumamosi tulishukia kwa dada yangu anayeishi Njoro, palepale Moshi, Jumapili tukaenda gerezani. Walipokuwa mahabusu tuliwapelekea kiburu, zile ndizi zilizopondwa na maharage, na askari akatulazimisha tuonje kwanza. Walipohukumiwa chakula kikakataliwa, tukabaki na sabuni na dawa ya meno. Baadaye tulikunywa chai kwenye mgahawa karibu na hospitali ya Mawenzi na kucheka vipara vyao, kwa sababu tusingecheka tungelia mbele ya watu. Sijapata rafiki kama yule. Hilo nalo liliongeza uchungu.

Kisha ikaja habari ya kuachiwa mapema. Ilisemwa redioni, ikasemwa na mwenyekiti wa kijiji baada ya misa, kwamba mfungwa aliyekwisha kutumikia sehemu ya kifungo chake na kuonyesha tabia njema anaweza kuja kumalizia nyumbani kwa masharti, kijiji kikiridhia. Kilabuni watu waligawanyika. Wengine walisema magereza yamejaa na wanaolishwa humo wanalishwa kwa jasho letu, bora warudi walime. Wengine walisema mwizi wa kahawa akae hukohuko mpaka meno yang'oke. Na kwa kuwa uchaguzi wa serikali ya kijiji ulikuwa unakaribia, kila aliyetaka cheo alipima upepo kabla ya kufungua mdomo. Ukoo wa mlinzi ni mkubwa, wamejaa kuanzia mferejini hadi kanisani, na mwenyekiti aliwajua mmoja mmoja. Sisi ni nyumba chache. Mama mkwe alikuwa akisema tungeenea wote kwenye benchi moja na bado sista akapata pa kukaa.

Ofisa aliyetumwa na bodi inayoamua nani aachiwe, kuja kuuliza maoni ya kijiji, alikuwa msichana mwenye heshima zake, aliyewaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja na viatu vyake vya mjini vikizama kwenye udongo. Alisema angetaka kujua mambo mawili: kama mfungwa amejutia kosa lake, na kama waliokosewa wamemsamehe.

Wenzetu walielewa haraka. Siku chache kabla ya mkutano nilipita mpakani nikaona isale limekatwa, jeraha bado bichi, maji yanachuruzika. Kukata isale mpakani hakuna ubaya. Lakini lilikatwa upande wetu, karibu kabisa na kaburi la mama mkwe, mahali masale yalipostawi kuliko kwingine. Baba yake mlinzi alilipeleka kwa mzee wa wakulima, yule aliyepoteza magunia mengi kuliko wote, pamoja na kibuyu cha mbege. Mzee akalipokea. Angefanyaje?

Mkutanoni mambo yakawa mepesi. Mlinzi amejuta, ukoo umeomba radhi, kijiji kimesamehe, mikono juu. Ilipofika zamu yetu baba mkwe akasimama na fimbo yake.

"Mwanangu hana cha kuombea msamaha," akasema.

"Baba, bodi inaangalia kama amejutia," yule msichana akamwambia kwa upole.

"Ajutie nini? Kumzika mama yake?"

Mwenyekiti akakohoa, akasema suala hilo tutalirudia siku nyingine. Akafunga mkutano.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Aliyeiba alikuwa na kosa la kujutia, akajuta, akatoka. Wangu hakuwa nalo, akabaki. Nilikuwa nikiliwaza hilo kila nikiona ile suruali, na kila wiki ziliongezeka. Nilijua ni ipi ya kazi na ipi ya kanisani. Nilisikia shoka lake likipasua kuni ambazo mimi nilikuwa nazipasua mwenyewe. Niliona migomba yao imeondolewa majani makavu na yetu imesimama kama wazee wasionyolewa. Halafu nikaona mwenzangu anaacha kujifunga kanga kwa nguvu tumboni, na nikajua kwa nini. Siku ile nilipiga ndoo teke ikaenda kugonga ukuta wa jiko.

Jumapili ya kwanza baada ya mumewe kutoka alinipigia hodi kuniuliza kama nahitaji wa kunisindikiza Moshi. Nilimwambia njia naijua.

Nilimwendea baba mkwe alipokuwa anamenya ndizi za mtori barazani, maana tangu afiwe na mkewe alijifunza kupika na hakutaka msaada. Nikapiga magoti.

"Baba, tupeleke na sisi isale kwa wakulima."

"Ukishapeleka umekiri kosa."

"Tumekiri nini? Watu wote wanajua hakuiba."

"Kama wanajua, kwa nini wanataka jani?" Akaendelea kumenya. "Mimi nitakufa kesho kutwa, mama. Huyo mumeo ataishi hapa na watoto wake. Unataka waitwe watoto wa nani?"

Nilimchukia siku hiyo. Nilimchukia kwa sababu alikuwa na haki, na haki yake ilikuwa inanilaza peke yangu.

Nikashuka Moshi. Mume wangu alikuja wavuni na zile nguo za rangi ya machungwa, amekonda, akaniuliza kwanza habari za kahawa, kama imechanua. Huyo ndiye mtu wangu. Nikamwambia jirani ametoka. Alikuwa anajua, walikuwa wamelala chumba kimoja. Nikamwambia nataka kukata isale mwenyewe nilipeleke, hata kama mkwe wa kike halipeleki, nitavunja mwiko na liwalo na liwe.

Askari akatazama saa.

"Ukipeleka nitatoka," akasema. "Halafu?"

"Halafu utakuwa nyumbani."

"Nitakuwa nyumbani nikiwa mwizi. Nitapita kwenye njia watu watavuta vikapu vyao karibu."

"Yule anapita na hakuna anayevuta kikapu."

"Yule hajali." Akanitazama usoni, ana macho ya kutulia sana mume wangu. "Lakini wewe ndiye unayebeba mzigo huko. Ukishindwa kabisa, peleka. Sitakulaumu."

Afadhali angenikataza. Nilipanda gari kurudi Mkuu nikiwa na ruhusa nisiyoitaka, na kichwani sikuwa namfikiria yeye wala baba mkwe. Nilikuwa namfikiria mwenzangu, tumbo lake, na kamba yake. Kwamba yeye hakulazimika kuchagua kati ya mume na jina la mume. Alipewa vyote, na jani lenyewe likatoka kwetu.

Tangazo la mkutano wa pili lilipobandikwa, nilikuwa nimekwisha kuchagua isale. Nilikuwa nalitazama kila nikienda mferejini. Siku iliyotangulia mkutano nilikuwa jikoni nakanda unga wa maandazi, nikipanga kwamba nikimaliza tu nakwenda kulikata, nikasikia hodi.

Alikuwa yeye, na isale mkononi.

Isale hubebwa na mzee. Yeye alilibeba mwenyewe, kwa mikono miwili, tumbo mbele. Nilidhani kwanza nimechanganyikiwa.

"Dada, pokea," akasema.

"Nani kakutuma?"

"Nimejituma."

"Na mume wako?"

"Anajua. Yuko chini ya migomba, amekaa."

"Aje yeye."

"Hawezi. Ana masharti. Wakisikia alidanganya mahakamani si watamrudisha ndani?"

"Na wangu yuko wapi?"

Aliinamisha kichwa, nikaona nywele zake hazijasukwa siku nyingi, na huyu ni mtu ambaye hata siku ya hukumu alikuja amesuka.

"Aliniambia mwenyewe," akasema. "Siku ya tatu tu baada ya kurudi. Kwamba walipakia mchana, watu wote wakiwa kwenu msibani. Na mimi nilikuwa kwenu, nawapikia. Tangu aniambie hapiti mlangoni kwenu, anazungukia mtoni. Akila anakaa upande ambao haoni kaburi la mama. Isale la wakulima lilipokelewa, lakini aliyekosewa hakupelekewa. Sasa nina mimba, dada, na ninaogopa."

Nikafikicha unga vidoleni.

"Nakuonea wivu," akasema.

Nikadhani nimesikia vibaya, nikamwambia arudie.

"Nakuonea wivu. Wewe ukienda Jumapili, wako anakutazama machoni. Wangu nimemrudisha nyumbani anaongea na ng'ombe."

Nilifurahi. Furaha ilinipanda kuanzia miguuni. Nyakati zote hizo nikisaga meno kwa suruali za mumewe, na yeye alikuwa ng'ambo ya masale anatamani wavu wangu. Nilitaka aendelee kusema.

Lakini isale lilikuwa limenyooshwa, na nilijua ninachoombwa. Nikilishika, limekwisha. Nimewasamehe, sitalisema tena popote, na mkutano wa kesho utapita nikiwa na siri mkononi na mume gerezani. Nikilikataa, nimefanya jambo ambalo hata bibi yangu hakuwahi kulisikia likifanywa.

"Mikono yangu ina unga," nikamwambia.

"Nawa."

"Sinawi. Sijalikataa, na usije ukasema nimelikataa. Nitalipokea kesho, mkutanoni. Nitakuwa nimekaa mbele upande wa akina mama. Ukiniletea pale, nitalipokea."

Alielewa mara moja, kama ambavyo mtu yeyote wa huku angeelewa. Hakuna anayempelekea isale mtu ambaye hakumkosea. Akinikabidhi mbele ya watu, hatahitaji kutamka neno. Akageuka akaondoka na jani lake, na mimi nikaendelea kukanda unga ule mpaka ukawa mgumu kama udongo wa kujengea.

Kesho yake nilinawa mikono mara nyingi bila sababu. Uwanja wa ofisi ya kijiji ulijaa, maana siku za kampeni watu hawakosi mikutano. Mwenyekiti alizungumzia barabara, akazungumzia maji, akaliacha letu mwisho, akitumaini watu watakuwa wameanza kuondoka. Yule msichana akauliza maswali yake yaleyale. Baba mkwe akasimama na fimbo yake na kusema yaleyale. Watu wakaguna. Mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kiburi cha wazee kinaozesha watoto. Nilitazama upande walipokaa watu wa ukoo wa mlinzi, sikumwona. Nikasema moyoni basi, nimeupoteza mchezo, ningelishika jana angalau ningekuwa na amani.

Kisha akina mama wakaanza kusogeza miguu kumpisha mtu.

Alikuja polepole kwa sababu ya tumbo. Amesuka nywele. Alipita mbele ya mwenyekiti, mbele ya baba mkwe wake mwenyewe aliyekuwa amebaki mdomo wazi, akasimama mbele yangu na kukunja magoti kidogo. Akanyoosha isale kwa mikono miwili.

"Tunaomba," akasema.

Nikalipokea.

Sijawahi kusikia ukimya kama ule mahali penye watu wengi. Ofisa alikuwa anatutazama mmoja baada ya mwingine, si mtu wa huku, haelewi kwa nini kijiji kizima kimeacha kupumua. Yule mzee wa wakulima akavua kofia. Alimtazama baba mkwe, si mimi.

"Huyu hana cha kuomba," akasema. "Sisi ndio tunaotakiwa kwenda kumkatia isale."

Baba mkwe akakaa chini, fimbo ikamwanguka, na hakuiokota.

"Samahani, wazee," yule msichana akasema. "Niandike nini?"

Mwenyekiti anajua kuhesabu watu, na aliona uso wa kila mmoja. "Andika kijiji kimeridhia," akasema.

"Na kama amejutia?"

"Andika amejutia, mwanangu. Andika ili arudi."

Kwa hiyo mbele ya serikali mume wangu ni mwizi aliyejutia kosa lake akaachiwa mapema, na kila mwezi anateremka Mkuu kuripoti. Hapa kijijini hakuna anayevuta kikapu. Mambo hayo mawili yanaishi pamoja, na mimi nimeacha kuhangaika nayo. Siku anarudi, diwani alikuja na spika zilezile. Nilimpa mbege akanywa, akahutubia.

Mlinzi hakuguswa. Isale limepokelewa, hakuna aliyekwenda kusema kitu kwa ofisa. Lakini hakuweza kukaa. Aliomba ruhusa ya kuhamia mjini kwa ndugu zake, akapewa, na nasikia anapakia matofali Njoro. Mwenzangu alijifungua salama mtoto wa kike, mzuri, ana paji la uso la baba yake. Ninamwona asubuhi anaanika nepi. Nepi, kanga, nepi, kanga. Hakuna kitu kingine kwenye kamba yake.

Mimi kamba yangu ilikuwa nyuma ya jiko. Mume wangu aliporudi niliihamishia upande wa mpakani. Nikifua nguo zake ninazianika pale, suruali mbele, mashati nyuma. Mwenzangu akiinua macho anaziona. Najua anavyozitazama, kwa sababu najua nilivyotazama.

Wiki iliyopita mume wangu alirudi kutoka shambani, akasimama akaitazama kamba, halafu akatazama ng'ambo ya masale, ambako mwenzangu alikuwa amempakata mtoto mlangoni. Akaniuliza kwa nini nilihamisha kamba.

Nikamwambia pale kuna jua.

Aliziondoa suruali zake moja moja, zikiwa bado zinachuruzika maji, akaziweka begani na kwenda nazo nyuma ya jiko.